Daraja Lililozinduliwa Bila Njia

Kwenye taarifa ya ofisi ya mradi imeandikwa kwamba daraja la Lihami lilikamilika siku lilipozinduliwa. Uongo mtupu. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nawapikia mafundi tangu msingi unachimbwa, na jiko langu lilikuwa pale pale ukingoni, kwa hiyo mengi niliyaona nikiwa na mwiko mkononi. Siku ile daraja lilikuwa halina pa kupandia wala pa kushukia. Watu wananiambia, Mama Teddy, jambo limeshapita, tulia. Nitatulia siku watakapoifuta ile sentensi.

Ila sikukaa hapa kuandika habari za daraja peke yake. Nataka mumjue Rosemery, msimamizi wa kazi ile, kwa sababu kwenye taarifa hiyo hiyo jina lake halimo hata mara moja.

Rosemery ni mtoto wa marehemu Hermenegildi, katekista aliyeteremka kutoka upande wa Mahenge na kuhamia Ifakara binti akiwa bado ananyonya. Alisoma ufundi wa ujenzi, akazunguka na makandarasi wa barabara miaka mingi kama karani wa saiti, akapanda mpaka kuwa msimamizi. Mwanamke mfupi, buti za mvua miguuni, khanga kiunoni juu ya suruali, na sauti ya kwaya ambayo akiita mtu ng'ambo ya mto hahitaji simu. Hacheki ovyo. Akicheka ujue kuna zege limemwagwa likakaa vizuri.

Lihami ni kijito tu. Kiangazi unaruka kwa mawe, hata viatu havilowi. Masika kinavimba na kukata kitongoji kizima cha ng'ambo, ambako wanaishi ndugu zetu Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao, pamoja na Wapogoro wachache wenye mashamba ya mpunga huko. Zahanati iko upande huu, na barabara ya kwenda Kiberege na Ifakara iko upande huu. Masika ya mwaka juzi Kija, mke wa Mashimba, alishikwa na uchungu maji yakiwa yamejaa. Walimfikisha ukingoni, wakapiga kelele kuomba mtumbwi, na kabla mtumbwi haujapatikana akajifungulia pale pale kwenye matope. Mtoto hakulia. Mimi nilikuwa upande huu na wanawake wenzangu, tunaona, hatuna la kufanya.

Mradi ulipokuja, Mashimba aliomba kazi ya kubeba mawe, na Kija alikuwa na mimba tena, changa. Siku ya kwanza alikuja kumletea mumewe maziwa. Rosemery akamtazama, akamwambia mbele yetu sote, "Mdogo wangu, masika haya utavuka kwa miguu yako mwenyewe." Kija aliinama tu. Mimi nilimvuta Rosemery pembeni nikamwonya kuwa ahadi kama hiyo haitolewi. Akasema ameitoa ili wote tuisikie, kazi ijue inakwenda wapi.

Na hapo ndipo alipokuwa tofauti na wasimamizi niliowahi kuwapikia, na nimewapikia wengi. Kila asubuhi, kabla mtu hajagusa koleo, aliwasimamisha kwenye duara. Kusimama, si kukaa, kwa sababu anasema watu wakikaa mkutano unaota mizizi. Kila mmoja alisema jana amemaliza nini, leo anashika nini, na nini kinamkwamisha. Anayekwamishwa na kokoto anasema kokoto, anayekwamishwa na homa ya mtoto anasema hivyo. Uji wangu ulikuwa haujapoa wameshamaliza. Na kila kazi ilikuwa na mwenyewe kwa jina. Kumwagilia zege, Anold. Maji ya mapipa, Mashimba. Hakuna kusema "tutafanya", maana hiyo "tu" ukija kuitafuta jioni humpati hata mmoja.

Kitu kingine, alikataa neno "mmeelewa". Sisi tunajuana. Mkubwa akikuuliza umeelewa, utasema nimeelewa, hata kama hujaelewa chochote, kwa sababu kumwambia hujaelewa ni kama kumwambia hajui kueleza. Rosemery alikuwa anageuza. "Anold, leo wewe ndiye bosi na mimi ndiye fundi. Hebu nipe kazi." Anold akianza kumpa kazi, pale alipokosea panaonekana, wanarekebisha, hakuna aliyeaibika.

Anold huyu ni fundi mwashi, mkono wake mzuri ila usahaulifu wake, Mungu amsaidie. Kuna Jumapili alikwenda ngoma ya kipaimara cha mpwawe, akasahau kumwagilia ukuta mpya, jua likaupiga siku nzima. Asubuhi kwenye duara alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema mwenyewe. Nilikaa tayari kusikia matusi, kwa sababu kwa msimamizi niliyempikia kwenye saiti nyingine mtu alirushiwa kofia ya chuma. Rosemery alimshukuru kwa kusema mapema, wakaukagua ukuta pamoja, wakabomoa sehemu iliyopasuka, wakajenga upya. Kisha akamwachia Anold kazi ile ile ya kumwagilia. Hakusahau tena.

Hata misiba aliipangia. Kwetu ukitokea msiba kazi inalala, na msimamizi anayewazuia watu kwenda kuzika, kesho yake hana watu. Tangu mwanzo alikubaliana nao: kikitokea kifo, nusu wanakwenda kuchimba kaburi, nusu wanabaki na zege, kisha wanabadilishana, na yeye mwenyewe anakwenda kukaa na wafiwa. Alipofariki mzee Nazari wa hapa kijijini tulifanya hivyo hivyo, na hakuna aliyenung'unika.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hayo yote hakuyaokota njiani. Mengi alifundishwa na Fridolin, meneja wa mradi, kwenye semina aliyoiendesha mwenyewe pale Ifakara. Rosemery alikuwa akimtaja kwa heshima. "Mkuu alisema lengo liwe moja na kila mtu alijue. Mkuu alisema timu isiamrishwe na watu wawili." Ndiyo maana hasira yangu haipoi. Angekuwa mtu asiyejua, ningemhurumia. Fridolin alijua. Aliyafundisha kwa mdomo wake, kisha akaja Lihami akayakanyaga moja baada ya jingine.

Alikuja na gari wakati daraja lenyewe limeshasimama. Kuta mbili, zege la juu limekauka vizuri, reli zimechomekwa. Kilichobaki ni matuta ya kupandia pande zote mbili, maana daraja lilikuwa juu ya ardhi kimo cha mtu. Tipa la kuleta moramu, ule udongo wa changarawe wa kushindilia barabara, lilikuwa limepangiwa Jumatatu. Watu walikuwa wanahesabu kumaliza kabla ya kuhamia mashambani, kwa sababu mvua zikianza nusu ya kijiji huhamia kwenye madungu kupanda na kulinda mpunga, na huko hupati mtu wa kubeba hata jiwe.

"Shikamoo mkuu," Rosemery alisema.

"Marahaba. Hongereni sana. Nina habari nzuri. Tumepata mgeni rasmi."

Wote wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, sikujua ninachopigia.

Fridolin akaanza kutoa maagizo. Njia ya kuingilia ipangwe mawe, mawe yapakwe chokaa. Nyasi zifyekwe. Lijengwe jukwaa. Ijengwe nguzo ya tofali na saruji ya kubebea jiwe la uzinduzi, na jiwe lenyewe lilikuwa ndani ya gari, limefungwa blanketi, limeshaandikwa majina. Tipa lisilete moramu kwanza, litabeba viti, turubai na spika.

"Mkuu, na matuta?" Rosemery aliuliza.

"Yatafuata."

"Mvua je?"

"Rosemery, mgeni hasubirishwi kwa ajili ya moramu. Tukimkosa huyu, mwakani hatupati mradi mwingine. Unaelewa?"

Rosemery aliwageukia watu wake. Nadhani alitaka mmoja aseme neno, yeyote. Aliwafundisha kusema kila asubuhi. Lakini kwenye duara lile walikuwa wanasema kwa dada Rose, na huyu alikuwa mkubwa mwenye gari, na fulana za bure alikuwa ameshazishusha. "Sawa mkuu," wakasema. Mashimba naye akasema sawa mkuu. Mashimba, ambaye mkewe tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa! Nilitamani kumpiga na mwiko. Lakini ndivyo tulivyo huku, mbele ya mkubwa midomo yetu inajua neno moja tu, halafu tukifika nyumbani ndipo tunapata hoja.

Basi mafundi wa daraja wakageuka wapaka chokaa. Anold, aliyejenga kuta zile, akajenga nguzo ya jiwe kwa saruji iliyobaki. Jukwaa likapanda. Mgeni akaahirisha. Wakasema wiki ijayo, mawe yakapakwa upya kwa sababu vumbi limeyachafua. Akaahirisha tena. Watu walikaa na fulana zao wakingoja, na hakuna aliyeruhusiwa kushika koleo, saiti isichafuke. Hebu fikiria, saiti ya ujenzi isichafuke! Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa milima ya Udzungwa, sote tukiyaona.

Kila asubuhi Rosemery aliendelea na duara lake. "Nini kinakukwamisha?" aliuliza. "Mgeni," wakajibu. Siku ya kwanza walicheka. Baadaye hawakucheka.

Mgeni alifika. Jina lake silitaji, naye simlaumu sana, aliitwa akaja. Lakini angepandaje daraja lisilo na tuta? Fridolin alikodi mbao, zikaegeshwa kama ngazi pana upande huu, zikafunikwa zulia jekundu mpaka chini. Mgeni akapanda, akakata utepe, akasimama katikati akapigwa picha, akashuka kwa zulia lile lile alilopandia. Upande wa pili hakukuwa na mbao wala zulia. Watu wa ng'ambo, ambao daraja ni lao, walisimama chini kwenye mchanga wakimwangalia kule juu. Kija alikuwa miongoni mwao, ameshika kiuno. Hotuba zilipoisha tulikula pilau, na kabla sufuria hazijaoshwa mbao zilipakiwa kwenye gari zikaondoka. Zilikuwa za kukodi.

Mikataba ya timu ikaishia siku ile. Mradi umekamilika, kwa hiyo msimamizi wa nini?

Mvua ikaja wiki iliyofuata. Daraja lilisimama peke yake katikati ya maji kama meza iliyosahaulika uwanjani. Ukitaka kulifikia uogelee kwanza.

Rosemery alikwenda ofisini Ifakara, nami nilimsindikiza kwa sababu sikumwamini Fridolin, wala sikuiamini hasira ya Rosemery. Alisalimia kwa adabu. Akaomba tipa la moramu, basi. Hakuomba hata mkataba.

Fridolin alifuta miwani yake. "Dada yangu, matuta tumeyaweka awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

"Maombi yako kwenye mchakato."

"Mkuu, kuna mama anakaribia kujifungua kule ng'ambo. Ulitufundisha kazi haijaisha mpaka aliyeifanyiwa aitumie. Ni maneno yako. Niliyaandika."

"Semina ni semina, Rosemery. Hali halisi ina mambo yake. Na kwenye taarifa daraja limeshakamilika, nikileta moramu sasa nitaeleza nini?"

Mimi nilikohoa, nikasema, "Utaeleza kuwa ulidanganya, mwanangu." Mlinzi akatuonyesha mlango.

Nilirudi na Rosemery mpaka Kiberege. Pale sokoni akasimama, akaniambia, "Mama, jiko lako bado lipo?" Nikamwambia lipo. "Basi tualike."

Kwetu mtu akielemewa na shamba anaalika. Anapika, anawatangazia majirani siku, nao wanakuja na majembe yao, na zamu yao ikifika na wewe unakwenda kwao. Sikuwahi kusikia mtu akialika kwa ajili ya daraja la mradi. Lakini Rosemery alizunguka kwenye madungu, dungu kwa dungu, akiwa na buti zake na mwavuli uliovunjika, akiwatafuta mafundi wake walipo. Hakuwaambia mkuu amesema. Aliwaambia Kija hajajifungua bado. Mchele nilipata kwa akina mama wa jumuiya, kila mmoja akatoa bakuli lake.

Asubuhi iliyopangwa mvua ilikuwa imepumzika kidogo, maji yameshuka kufika kiunoni. Nikasikia "Mwangaluka!", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, kutoka ng'ambo. Mashimba alikuwa amesimama na mikokoteni ya ng'ombe ya ndugu zake, amejaza changarawe ya kilimani. Upande huu Anold alikuja na mafundi wote, na kuna niliowaona siku ile ambao hawakuwahi kulipwa na mradi hata shilingi. Rosemery akawasimamisha kwenye duara, tope likiwa kwenye vifundo vya miguu. Kila mtu akapewa kazi yake kwa jina. Upande wa ng'ambo ni wa Mashimba. Kujaza mchanga kwenye mifuko ya mpunga, akina mama. Kuipanga, Anold.

"Nini kinakukwamisha?" akamuuliza Anold.

"Mawe. Bila mawe chini, mifuko itaondoka na maji."

Kisha wote, bila kuambiana, tukageuka kuangalia njia ya mgeni. Mawe meupe, yamepangwa mistari miwili mizuri, chokaa bado inang'aa.

Yalikwenda yote. Jinsi watu walivyoyang'oa utadhani walikuwa wanangoja ruhusa tangu siku ya kwanza. Maji yakawa meupe kwa muda, kisha yakarudi rangi yake ya tope. Mifuko ikapangwa juu, changarawe ikafuata, ng'ambo Mashimba akiswaga ng'ombe na kuimba, na sauti ya Rosemery ikivuka mto kumwambia ashindilie, ashindilie tena. Saa za kula zilipita hakuna aliyekumbuka, chakula changu nikakifunika.

Tuta la upande huu lilipungua kidogo pale linapokutana na zege. Pengo la hatua moja tu, lakini mjamzito hawezi kuruka. Mawe yalikuwa yamekwisha. Anold alifuta uso, akaitazama ile nguzo aliyoijenga mwenyewe, na lile jiwe jeusi juu yake lenye majina ya dhahabu.

"Dada Rose," akasema, "saruji ile ilikuwa ya daraja."

Rosemery alijua kuwa akikubali, hapati tena kazi kwa Fridolin wala kwa marafiki wa Fridolin, na huku wote wanajuana. Nilimwona akitazama ng'ambo. Kija alikuwa amesogezwa mpaka ukingoni, amekalia mkokoteni mtupu, na wanawake wawili wamemshika mikono. Uchungu ulikuwa umeanza tangu alfajiri na hakuna aliyetwambia, eti wasitukatishe kazi.

"Bomoa," akasema.

Nguzo ilikwenda vipande vipande kwenye pengo. Jiwe lilikuja mwisho, wanaume wanne wamelibeba. Walitaka kulilaza majina yakiwa juu, yasomeke. Rosemery akakataa.

"Ligeuzeni. Lina utelezi, mtu ataanguka."

Wakaligeuza, upande wa kukwaruza ukawa juu.

Kija alivuka kwa miguu yake. Polepole, akisimama kila uchungu unapokuja, ameshika reli, mvua imeanza upya. Rosemery alikwenda mpaka katikati kumpokea, kisha akarudi naye nyuma nyuma, akimwangalia miguu. Hakukuwa na utepe. Alipokanyaga tuta letu nililia kwa sauti, na sioni haya kusema. Mtoto alizaliwa zahanati jioni ile, wa kike, na huyu alilia mpaka tukachoka naye. Wamemwita Rosemery, ingawa bibi yake anasema jina lenyewe linamshinda ulimi.

Fridolin alikuja maji yalipopungua, ameleta watu wawili wenye kamera, wafadhili wanataka kuona. Nilikuwa nauza vitumbua pale darajani. Rosemery naye alikuwepo, anazibua mtaro wa maji kwa jembe lake mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyemwajiri tangu siku ile, na hakuna aliyemwambia aache. Fridolin alipanda tuta, akasimama juu pale tuta linapokutana na zege, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Wale wenye kamera walikuwa wanamngoja.

"Rosemery, jiwe la uzinduzi liko wapi?"

Rosemery aliegemea jembe lake. Alijibu kwa adabu, kama alivyolelewa.

"Umelikanyaga, mkuu."

Fridolin akanyanyua mguu mmoja, akatafuta mahali pengine pa kuuweka, akakosa.